Nilivyolala Barabarani Pamplona

Jana usiku nililala mapema, nikaota niko Pamplona.

Sijawahi kufika Hispania. Nimewahi kufika Tunduma. Lakini sikuhitaji kumuuliza mtu pale ni wapi, kwa sababu ukuta wa mji ulinikaribisha wenyewe. Ulisema, "Karibu Pamplona, angalia kichwa." Nikainama, nikapita.

Nilikuwa nimeingia stoo ya duka langu, Iringa, kumtolea mteja godoro la futi nne kwa sita. Nilipotoka upande wa pili duka halikuwepo, mteja hakuwepo, na mimi nimevaa shati jeupe, suruali nyeupe, na kitambaa chekundu shingoni. Godoro ninalo bado, limeviringishwa, liko kwapani na nailoni yake. Suruali naitambua. Ni ile niliyopokelea Komunyo ya Kwanza. Bado inanitosha kwenye magoti.

Inabidi nieleze jambo moja la nikiwa macho, si la ndotoni. Binti yetu Konsolata anaolewa na kijana mmoja wa Kongwa, Amosi Ndahani, mtu mstaarabu. Baba yake, Mzee Yoramu, ana ng'ombe wengi kiasi kwamba ukimuuliza idadi anabadilisha mazungumzo. Wiki iliyopita alinipigia simu. Akasema yeye haleti dume la mahari kwenye lori kama gunia la mkaa. Jumamosi niende Kongwa, niingie zizini mwenyewe, na yule nitakayemwekea mkono mgongoni ndiye wangu.

Nikamjibu kwamba mkono ni kitu kidogo. Mimi nitamshika pembe.

Sijui maneno yale yalitoka wapi. Mzee Yoramu alifurahi sana, nikasikia akiwatangazia watu waliokuwa karibu naye, nao wakashangilia. Sasa ukoo mzima unanisubiri. Na mimi naogopa ng'ombe. Si fahali tu. Naogopa ng'ombe wa maziwa, naogopa ndama, na kuna mbuzi mmoja mtaani kwetu Kihesa ambaye nikimwona naingia duka la dawa kununua kitu nisichokihitaji. Nyumbani tuna panadoli nyingi sana.

Basi, niko Pamplona, ni asubuhi, siku ya sikukuu ya mafahali. Mbele yangu kuna uzio wa mbao, na mlangoni amesimama mtu mwenye kichwa cha karatasi ngumu, kikubwa kama tangi la maji. Mwili wake ni wa kawaida. Anaitwa Kichwa, na watu wanamheshimu.

Kichwa ananiuliza mimi ni mtalii au mkimbiaji. Namjibu kwamba ni mtalii, nimekuja kuona makanisa ya zamani na kurudi dukani. Anasikitika. Anasema watalii wanakaa kwenye roshani, na roshani zimejaa. Ananionyesha kwa kidole.

Kwenye roshani ya karibu amekaa mke wangu Edita, amevaa kitenge chake cha harusi za watu wengine. Pembeni yake amekaa Mzee Yoramu na koti lake la sufu. Wanamenya karanga na kudondosha maganda barabarani. Mzee Yoramu anawaeleza Wahispania jambo fulani kwa Kigogo, nao wanatikisa vichwa, wananitazama.

"Anawaambia nini?" nikamuuliza Kichwa.

"Kwamba wewe ndiye utakayeshika pembe."

Kichwa anasema hilo ni tatizo, maana sheria ya mji hairuhusu mtu kumgusa fahali. Nikamwomba arudie. Akarudia: hairuhusiwi kumgusa fahali, popote, kwa kiungo chochote, na atakayemgusa anatolewa mjini papo hapo.

Katika maisha yangu sijapata kuipenda sheria kama nilivyoipenda ile. Nikamwomba Kichwa aisome tena, safari hii kwa sauti kubwa na akiwa ameelekea kule kwenye roshani. Aliisoma vizuri tu. Mzee Yoramu akaweka kiganja sikioni, akatabasamu, akanipungia mkono. Karanga zilikuwa zinapiga kelele mdomoni.

Kichwa akaendelea. Akasema ukishaanza kukimbia usitazame nyuma. Hapohapo shingo yangu ikalia ka, kama kitasa, na tangu wakati ule ikawa haigeuki. Kisha akasema ukianguka usiinuke. Nikaona sheria hiyo nayo ina hekima. Nikaingia.

Ndani ya uzio wakimbiaji wote wameshika gazeti lililokunjwa. Wanaliinua mbele ya ukuta wenye shubaka, na ndani ya shubaka kuna sanamu ya Mtakatifu Fermin, fupi kama chupa ya chai. Kila mmoja anaomba ulinzi. Mimi sina gazeti. Naliinua godoro.

Mtakatifu alilitazama godoro kwa muda mrefu. Akauliza ni la sponji au la springi.

Nikamwambia ni la sponji nzito, halibonyei, linafaa wenye matatizo ya mgongo. Akasema amesimama kwenye shubaka lile miaka mingi na hakuna aliyewahi kumuuliza habari za mgongo. Basi nikampa. Sijui alilipokeaje, maana mikono yake ilikuwa midogo kama vijiti vya kiberiti, ila godoro liliingia lote shubakani na yeye akakaa.

"Unaomba nini?" akaniuliza, sasa akiwa mtu mwingine kabisa kwa uso.

Nikamwomba mafahali waugue.

"Wote?"

"Hata mafua tu."

Akasema afya ya mafahali haiko mikononi mwake, yeye anashughulika na wakimbiaji. Nikianguka atanifunika na joho lake. Tukalitazama wote wawili lile joho. Lilikuwa jekundu, zuri, na lingetosha kufunika sikio moja.

Nikamshukuru. Mtu akikupa alicho nacho unashukuru.

Fataki ikapanda angani, ikasema, "Haya," ikapasuka.

Sasa nakimbia. Nasema nakimbia kwa sababu hiyo ndiyo nia. Vijana wananipita kushoto na kulia. Ananipita bwana mmoja mwenye mkongojo. Kisha wananipita maksai, wale wanaotangulia kuwaonyesha mafahali njia, wakubwa, wapole, wana kengele shingoni. Mmoja anapunguza mwendo kando yangu na kuniuliza kwa adabu kama naenda au narudi.

"Naenda," nikamwambia.

"Sawa, mzee," akasema, akaendelea. Hakuniamini.

Mtaa unapinda. Kwa muda mfupi tuko soko la Miyomboni, kwetu Iringa, mama mmoja ananiuliza kama nataka nyanya, namwambia nikirudi, kisha tuko Pamplona tena, kwenye kona, na nyumba zimesogea karibu ili zione vizuri. Nikakanyaga ganda la karanga la mke wangu. Nikaanguka kifudifudi.

Mafahali wakapita juu yangu. Sikuwaona. Nilisikia tu kishindo kama mvua kubwa juu ya bati, na upepo, na harufu ya ng'ombe ambayo inanifanya nikumbuke dawa ya meno, sijui kwa nini. Kikapita kishindo. Mtaa ukanyamaza. Wakimbiaji wengine walioanguka wakainuka, wakajipangusa, wakaenda kunywa chai.

Mimi sikuinuka.

Jiwe lililokuwa chini ya shavu langu likanisalimia, likaniuliza kulikoni. Nikalijibu kwamba sheria inasema ukianguka usiinuke. Likasema sheria ile ni ya wakati mafahali wanapita. Nikasema Kichwa hakutaja wakati. Jiwe likakiri kwamba kweli hakutaja.

Nasema kama mtu wa magodoro: mawe ya Pamplona ni magumu, lakini yamepangwa vizuri. Kiuno kinapata pa kukaa. Nililiambia lile jiwe na likafurahi.

Nikaanza maisha pale. Mwoka mikate wa kwenye kona, mama mmoja mnene aitwaye Itziar, alikuwa akifagia akinizunguka, na akimaliza ananiwekea kipande cha mkate karibu na mdomo. Hakuniuliza kitu. Nadhani alikuwa na mume. Watalii walikuja na kiongozi wao mwenye mwavuli, akawaeleza kwamba mimi ni wa karne nyingi zilizopita na kwamba mji unanitunza. Nikajitahidi kutulia ili nisimwaibishe.

Sikumdanganya mtu yeyote, ninyi mnaosoma. Kila aliyeuliza nilimwambia kwamba nafuata sheria. Na moyoni nilikuwa nafanya hesabu yangu ndogo: mtu aliyelala Pamplona kwa mujibu wa sheria hawezi kuwa Kongwa Jumamosi.

Edita akashuka kutoka roshani. Nilimtambua kwa viatu, maana shingo haikugeuka na viatu ndivyo nilivyokuwa naviona.

Akasema, "Baba Konsolata, mafahali wameshapita."

Nikamwambia huenda amebaki mmoja.

Kisha akasema kwamba Mzee Yoramu ameuliza kama nina kifafa, na yeye amemjibu hapana, nina adabu nyingi tu. Akasema nguo ya harusi ya mtoto imekuja na imempendeza. Akasema pia kwamba msafara wa harusi utapita hapa, njia ni hiyohiyo, hakuna nyingine. Viatu vyake vikaondoka polepole.

Nikauliza jiwe kama kuna njia nyingine. Jiwe likasema hapana.

Matarumbeta yakaanza mbali. Si ya Hispania. Ni yale ya kwetu ya kukodi, ambayo mpigaji wake mmoja siku zote anapiga wimbo mwingine. Wakaingia mtaani: mashangazi wa Iringa wakipiga vigelegele, Wagogo wa Kongwa na ngoma zao, Padri, mpiga picha anayetembea kinyumenyume. Walipofika kwangu wakagawanyika, nusu kulia, nusu kushoto, kama maji yanavyofanya kwenye gogo. Kila shangazi alinisalimia. Nikaitikia shikamoo za wadogo na kuwapa zangu wakubwa, vyote nikiwa kifudifudi.

Mzee Yoramu akainama. Goti lake lililia. Akasema, "Mkwe, pumzika, safari ya kutoka Iringa si mchezo."

Alisema kwa dhati. Hakuwa ananidhihaki hata kidogo, na hilo ndilo lililoniuma.

Kisha nikaona pindo la gauni jeupe.

"Baba," akasema Konsolata, "upo?"

"Nipo."

"Unaumwa?"

"Hapana, mwanangu. Ni utaratibu."

Akasema sawa. Sauti yake haikuwa na hasira. Ingekuwa na hasira ningefurahi, ningekuwa na la kujibu. Alisema sawa kama mtu aliyekuwa ameshajiandaa kwamba ndivyo itakavyokuwa, akainua gauni, akaniruka. Binti yangu, niliyembeba mgongoni hadi kliniki, akaniruka kama dimbwi.

Hapo ndipo kipaza sauti cha mjini kilipotangaza, bila haraka, kwamba amebaki mmoja.

Watu wote wakaruka uzio. Mashangazi ambao nyumbani hawapandi ngazi wakapanda uzio wa mbao kwa mkono mmoja, mkoba mkono wa pili. Padri akapita chini. Mzee Yoramu, ambaye amezaliwa katikati ya ng'ombe, alivutwa na ukoo wake kwa koti. Amosi alikuwa ametangulia mbele na ngoma, akaanza kurudi akikimbia, lakini mtaa ukarefuka kwa makusudi na yeye akawa mdogo kule mwisho.

Konsolata hakwenda popote. Nikasikia nguo inavutwa. Mkia wa gauni lake ulikuwa umeingia chini ya tumbo langu, na tumbo langu si la kuvuta kitu ukakipata.

"Baba, inuka kidogo," akasema.

Nikamwambia sheria hairuhusu. Namkumbuka vizuri mtu aliyesema hivyo, ni mimi.

Kwato zinakuja. Si za kukimbia, za kutembea. Zinakuja zikisimamasimama, kama mtu anayetafuta namba ya nyumba. Konsolata ameacha kuvuta. Anahema kwa pua, kama alivyokuwa akifanya utotoni akichomwa sindano, ambapo hakulia hata siku moja, akinishika kidole tu. Na sasa hakukuwa na kidole. Vidole vyangu vilikuwa chini, vimekumbatia jiwe.

Jiwe likasema kwa sauti ya chini kwamba lingeshukuru kama ningeondoka.

Nikainuka. Haikuwa kitu cha kupigwa picha. Nilitanguliza makalio, nikakaa kwanza, nikashika ukuta, suruali ya Komunyo ikapasuka kutoka magotini kwenda juu. Kipaza sauti kikatangaza kwamba bwana wa magodoro amevunja sheria ya kuinuka. Nikasimama mbele ya mwanangu, na fahali akawa amefika.

Alikuwa mwekundu, mpana kama mlango wa gereji, na pembe yake moja imepinda kuelekea sikioni, kama mtu anayeongea na simu. Nikanyoosha mkono ili kumsimamisha, nikafumba macho, na kiganja kikatua katikati ya paji la uso wake. Palikuwa pa moto, na pana manyoya yaliyojisokota kama zulia.

Kipaza sauti kikatangaza kwamba amemgusa.

"Wewe ndiye Chengula?" fahali akauliza. Alisema Kiswahili cha Kongwa.

Nikasema ndimi.

Akasema amenitafuta tangu getini, amepita mtaa wote akiulizia, kila mtu anakimbia. Yeye ndiye wa Jumamosi. Alikuwa hana ubaya wowote, alitaka tu kujua anakwenda kwa watu wa namna gani, kwa sababu kwa Mzee Yoramu hawaelezwi kitu. Akaniuliza kama Iringa kuna baridi.

Nikamwambia ukweli. Mwezi wa sita na wa saba kuna baridi.

"Nitalala wapi?"

Nikamwambia hilo asiwe na wasiwasi nalo. Nikamweleza habari za sponji nzito. Alisikiliza mpaka mwisho, jambo ambalo wateja hawafanyi. Nyuma yangu Konsolata akaanza kucheka, kwanza puani, halafu wazi, akanishika kidole cha mkono wa nyuma, na nikatamani shingo yangu igeuke nimwone.

Fahali akasema basi, ameridhika. Akasogea, akanilamba kichwa kuanzia paji la uso hadi kisogoni, mara moja, taratibu. Ulimi wake ulikuwa kama msasa uliolowa. Akatulia, akatafakari ladha.

"Nywele zako zina dawa," akasema.

Nikamwomba apunguze sauti, maana Edita alikuwa karibu. Nikamnong'oneza kwamba ni rangi, napaka mwenyewe bafuni, na katika dunia nzima anajua kinyozi peke yake. Akasema ni chungu lakini siri yangu anayo.

Kichwa akafika, amechoka, akanishika bega. Akasema anasikitika, lakini nimeinuka, nimegusa, na kwa hiyo natolewa mjini. Akanitoa.

Nikatokea kitandani kwangu, Kihesa. Jua limeshatoka. Edita amesimama na kikombe cha chai mkononi, hanipi. Anatazama kichwa changu.

Alisema, "Kumbe una mvi."

Nikaenda kwenye kioo. Katikati ya kichwa, kutoka paji la uso hadi kisogoni, kulikuwa na mstari mweupe upana wa kiganja, na nywele zake zimelala upande mmoja, mbichi. Pande zote mbili rangi ilikuwa palepale. Nilimwambia Edita kwamba ni jasho. Akasema ndiyo, ni jasho, akanipa chai, akatoka nje kwenda kucheka na jirani.

Sikuwa na la kufanya ila kumpigia simu Mzee Yoramu. Nilitaka kumwambia, kabla sijapata muda wa kufikiri, kwamba mimi naogopa ng'ombe, naogopa hata ndama, kwamba Jumamosi nitakuja hivyohivyo na kuingia zizini hivyohivyo, ila kuhusu pembe nilizidisha. Nikamwambia yote kwa pumzi moja. Akasema hilo halina shida, Amosi naye anaogopa, tangu mdogo, ndiyo maana walimpeleka shule.

Nikajiandaa kukata simu. Akasema ningoje, kwa kuwa nimepiga kuna jambo linamsumbua. Dume lake moja jekundu, lile lenye pembe iliyopinda kuelekea sikioni, limeamka leo na ulimi mweusi tii, kama limelamba wino. Linakula vizuri, linakunywa, halina homa. Wazee wameliangalia wameshindwa. Anafikiria kumwita daktari wa mifugo.

Nikamwambia asihangaike na daktari. Rangi itafifia yenyewe baada ya wiki chache, mradi wasiipake mafuta.